Matanga Yako Hayajaanuliwa

Editha, mwanangu,

Wewe uko kwa Mama Bukuru unasukwa nywele. Nasikia mnavyocheka hadi huku jikoni, na mimi nimechukua kalamu yako uliyoiacha mezani. Barua hii nitaiweka juu ya begi lako. Uisome kabla hujalala. Usiniambie macho yamechoka. Macho yanayokodolea simu hadi usiku hayawezi kushindwa na karatasi za bibi, hata kama mwandiko wake umelala kama majani yaliyokanyagwa na mbuzi.

Sitakuandikia habari za kufua, wala za wanaume, wala za kula kabla ya safari. Hayo kama hujayajua mpaka leo, basi nilikulea bure. Nakuandikia kwa sababu ya neno ulilolisema juzi tukichagua maharage. Ulisema, "Bibi, huko chuoni Tabora sitamwambia mtu yeyote kwamba niliwahi kuumwa. Nataka niwe mtu kama watu." Nikanyamaza. Ukafikiri nimekubali. Mimi nikinyamaza sijakubali, natafuta fimbo.

Fimbo nimeipata. Ni habari ya ile siku ambayo kilima kizima kilikulilia nawe uko hai. Wewe unaijua kwa upande wa ndani ya dirisha. Upande wa nje hujawahi kuusikia kwangu, na wanaokusimulia wanaikata nusu kwa kunihurumia. Sitaki huruma yao.

Ulianza na damu ya puani. Kisha miguu ikaota madoa meusi, nami nikakugombeza, nikasema unapigana shuleni kama mtoto wa mlevi. Ukalia, ukasema hujapigana na mtu. Sikukuamini mpaka ulipoanguka kisimani. Kule hospitali ya Kabanga wakachukua damu yako, wakaichukua tena, halafu daktari akaniita pembeni. Akasema ni saratani ya damu, twende Mwanza upesi. Nikamwambia saratani ni ya titi na ya tumbo, damu ni maji, itaota uvimbe wapi? Hakunicheka yule kijana. Akasema, "Bibi, damu nayo huzaliwa. Inazaliwa ndani ya mifupa. Ya mjukuu wako inazaliwa vibaya."

Neno hilo liliniingia, maana mama yako alikufa kwa kukuzaa wewe. Nikaona kuzaliwa vibaya kumerudi nyumbani kwangu kwa mlango mwingine.

Mwanza unaikumbuka, sina haja ya kukurudisha kwenye zile sindano za mgongo. Lakini humkumbuki vizuri yule mama Mkongo wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, aliyelala kwenye mkeka chini ya kitanda cha mwanawe, jirani na chetu. Alinisikia nikipiga simu nyumbani, nikiwaambia watu wa jumuiya kwamba una malaria sugu. Nilipokata simu akaniambia, "Mama, juu ya nini unadanganya batu ya kwenu? Mugonjwa hafichwake. Kitu umeficha, ni kifo tu inajuaka penye iko."

Nikamwambia ashike yake. Naam, nilimwambia hivyo, mtu aliyekuwa akiniachia nusu ya uji wake. Siku mwanawe alipofariki, alikunja mkeka, akaja akakushika wewe mguu juu ya shuka, akashika kwa muda, akatoka. Mimi hakuniangalia.

Basi ukamaliza zile dawa kali za kwanza, wakatupa ruhusa ya kupumzika nyumbani kabla ya kurudi kwa nyingine. Yule sista mfupi akanishika mkono mlangoni. Akasema dawa zimeua damu mbaya na zimeua na nzuri, kwa hiyo mwili wako ni nyumba isiyo na mlango, ugonjwa wowote unaingia tu. Watu wasije kukushika. Maji yachemke. Na joto la mwili likipanda, tusingoje kukuche, tusikupe panadoli tukalala, tukupeleke hospitali saa hiyo hiyo. Nikaitikia yote. Nilikuwa naelewa vizuri sana. Tatizo langu halikuwa kuelewa.

Wewe ni wa kizazi cha "mambo" na "poa", hujui uzito wa salamu kwa watu wa rika langu. Sisi Waha hatusalimiani kwa kupita. Mtu anasimama mbali kidogo, anainama, anapiga makofi taratibu kwa viganja vilivyokunjwa, unaitikia kwa makofi, ndipo anakuja mnashikana mikono hadi viwikoni, unaulizwa watoto, mbuzi, shamba, na usingizi wa jana. Anayekataa kushikwa mkono ni nani? Ni mchawi, au ni mtu aliyeapa kutokusamehe. Mgonjwa ndiye anashikwa zaidi. Sasa nisimame mlangoni kwangu, niwaambie wazee na mama wa jumuiya waliotembea na ndizi zao kichwani, "Msimguse"? Mimi Yusta, ambaye nilizunguka kilima hiki nikishika wagonjwa wa kila nyumba?

Sikuweza. Ulimi ulikataa. Kusema uongo ukaona ni rahisi.

Tulishuka kwenye basi giza limeingia, nimekufunga kitenge hadi machoni, na asubuhi nikawaambia watu kwamba umebaki Mwanza hospitalini. Nikakuweka chumba cha nyuma, chenye dirisha la kutazama migomba, nikakuambia usisogee dirishani, usikohoe kwa nguvu, usiimbe. Mtoto aliyetoka kupigana na kifo, nikamfundisha kukaa kama maiti. Na wewe ulivyo mtiifu, ukafanya.

Tukatengeneza ile ishara yetu. Nikitoka shambani, napiga makofi ya salamu penye uzio, nawe unaitikia kwa makofi kutoka ndani. Nikisikia makofi yako, miguu inapata nguvu ya kufika mlangoni. Nilifikiri ni akili nyingi. Nilisahau kwamba makofi yana masikio mengi.

Jioni moja ukungu umeshuka nikapiga makofi, na jibu likaja kutoka migombani. Si nyumbani. Migombani, karibu na kaburi la mama yako, polepole, kwa adabu, kama mtu anayenikaribisha. Nikaingia ndani mbio. Nikakukuta umelala usingizi mzito, mikono yote miwili chini ya blanketi. Sikukuambia. Baadaye nilimuuliza Mama Bukuru kama ndiye aliyepita, akaapa siku ile alikuwa Kasulu sokoni. Nimeuliza na wengine. Mpaka leo hajatokea mtu wa kusema, "Ni mimi."

Naye Mama Bukuru, huyo anayekuvuta nywele sasa hivi, alipatwa na lake. Alipita asubuhi na ndoo ya maji kichwani, akasikia makofi ndani ya nyumba yangu. Wewe ulisikia hatua, ukafikiri ni mimi. Yeye kwa malezi yake akasimama, akaitikia kwa salamu yetu ya asubuhi, "Mwakeye!" Ndipo akakumbuka kwamba ameniona bondeni na jembe, na nyumba haina mtu. Akainua macho. Nyuma ya kioo cha dirisha kulikuwa na kichwa kisicho na nywele, uso wa majivu, macho makubwa, kinamtazama. Ndoo niliikuta njiani, imepasuka. Nikafikiri ni ya mlevi.

Hakunifuata kuniuliza. Angeniulizaje? Akaenda kwa mzee Ruhaga, na mzee Ruhaga akajumlisha: basi la usiku, mzigo uliofungwa kitenge, dirisha lisilofunguliwa, mimi kutokuonekana kanisani. Wakaona jambo liko wazi. Editha amefia Mwanza, amezikwa huko huko, na bibi yake kwa kiburi chake amekataa kuliliwa. Mtoto asiyeliliwa hajui kwamba amekufa. Ndiyo maana amerudi, yuko dirishani, anasalimia wapita njia.

Usinikunjie uso unaposoma hapa. Ungekuwa wewe ungefikiri nini?

Mvua za kwanza zilikuwa zimeshuka. Unajua kilima chetu kinavyokuwa wakati huo, majembe yanaanza kabla jua halijatoka, huku na ng'ambo ya mto, unaweza kusema nani kaamka na nani kalala kwa kusikiliza tu. Asubuhi hiyo nilikugusa paji la uso kabla sijatoka. Nikaona kama una joto kidogo. Nikakuuliza, ukasema, "Sijambo, Bibi, ni blanketi." Nikaenda shambani.

Nikapiga jembe la kwanza, la pili. Kisha nikasimama. Mwanangu, nimezaliwa kilima hiki na sijawahi kusikia kimya kile. Hakuna jembe. Hakuna anayemwita mwenzake. Ukungu umelala bondeni kama maziwa kwenye kibuyu, na ndani ya ukungu jembe langu peke yake, linarudi kwangu kutoka ng'ambo ya mto, kana kwamba kuna mwanamke mwingine kule anayelima akinifuatisha. Nikajua ni msiba. Kwetu mtu akifa jembe halipigwi mpaka matanga yaanuliwe. Lakini ni nani aliyekufa nisiambiwe? Nikaona wamenidharau, nikakasirika, nikaendelea kulima.

Mzee Ruhaga akaja kwa mteremko, fimbo mkononi, kofia ameivua.

"Yusta, weka jembe chini."

"Nani amekufa?"

Akanitazama kama anayetazama mtu uchi. "Usitufanye watoto."

"Nakuuliza, nani amekufa, mbona mimi sikuambiwa?"

"Wewe ndiye hukutuambia sisi," akasema. "Unalima juu ya matanga ya mjukuu wako mwenyewe. Hata mbwa hafanyi hivyo."

Hapo sasa ndipo penye barua yangu yote. Nilikuwa na neno moja la kusema: yuko hai. Lilikuwa mdomoni. Lakini kusema yuko hai ni kusema nimewadanganya wote, mzee na mtoto, nimekula ndizi walizonipa nikupelekee Mwanza. Nikamwona Ruhaga anavyonitazama, nikaona aibu ile haibebeki. Na tena, nisikufiche, kuna wazo lingine lililonipitia. Nilifikiri, waache wamlilie. Labda kifo kikisikia kilio kitadhani kazi yake imekwisha, kitaondoka.

Nikaweka jembe chini.

Nikatembea na Ruhaga kurudi nyumbani, naye ananishika kiwiko, na uwanja wangu tayari umejaa. Kuni zimeletwa. Pombe ya ndizi imeletwa. Shangazi yako amefika kutoka Kasulu na wanawake wenzake kwa gari la kukodi, amejifunga kanga kiunoni. Akaniangukia shingoni, akalia, na mimi nikalia. Nililia machozi ya kweli kabisa, Editha. Nimekaa chini kwenye majani, mgongo wangu umeegemea ukuta wa chumba ulichokuwemo, nikaongoza kilio cha mtu aliyekuwa anapumua nyuma yangu.

Wewe unasema hukumbuki vizuri kilichofuata kwa sababu ya homa. Nitakuambia. Wimbo wa pili ulipokwisha, makofi yakasikika kutoka ndani. Taratibu. Viganja vimekunjwa. Makofi ya mtoto aliyefundishwa adabu, anayesalimia wageni waliofika kwao na hakuna aliyewasalimia.

Mtoto wa mtu akaanza kulia, akazibwa mdomo. Makofi yakarudia, dhaifu kuliko mwanzo. Mwanamke mmoja akaondoka mbio akaacha kandambili zake. Na Mama Bukuru, ambaye ndiye aliyekuwa na haki ya kukimbia kuliko wote, akasimama. Akapiga makofi, akaitikia.

"Mwakeye, Editha. Unataka nini, mwana wanje, mwanangu?"

Nawe ukasema kutoka ndani, sauti kama ya kitu kilicho chini ya chungu: "Nasikia baridi. Mwiteni Bibi."

Nilikuwa hapo hapo, kwenye ukuta. Sikuweza kusimama. Ni Mama Bukuru aliyefungua mlango, akaingia peke yake kwenye chumba alichoamini kuna mfu. Akatoka akipiga kelele, lakini hazikuwa za woga. "Anaungua! Huyu ni mzima, anaungua kama jiko! Yusta, wewe ni mnyama gani?"

Joto ulikuwa nalo tangu kabla ya alfajiri. Ulijua. Sista alikuambia na wewe pia, kwa Kiswahili cha wazi, kwamba joto likipanda useme. Ulinificha kwa sababu nilikuwa nimekufundisha kwamba kuumwa ni kitu cha kufichwa. Mwanafunzi mwema alimshinda mwalimu.

Gari lililoleta waombolezaji ndilo lililokuchukua. Wakakulaza juu ya mapaja yao, na kanga za kilio ndizo zilizokufunika. Ruhaga alikaa mbele akimwambia dereva apige honi. Njiani watu walivua kofia wakidhani linapita gari la maiti. Kule Kabanga wakakuwekea dawa kwenye mshipa usiku na mchana, na daktari alipotoka akaniambia tungechelewa mpaka jioni angekuwa ananiambia neno jingine. Nikamshukuru. Akasema nisimshukuru yeye, niwashukuru walioniletea gari. Hakujua walilileta kwa kazi gani.

Baada ya hapo hapakuwa na kuficha. Ulirudi Mwanza, ukaenda na kurudi, vidonge vya miaka, unajua. Na kilima kikajifunza kukuamkia kwa makofi kutoka kwenye uzio bila kukushika, wazee kwa watoto, wala hakuna aliyeniita mchawi. Niliwaeleza kwa maneno mafupi kuliko yote niliyowadanganya nayo: "Msimguse, damu yake bado changa." Wakasema sawa. Kumbe ilikuwa ni hivyo tu. Nilikaribia kukuzika kwa sababu ya maneno matano.

Lakini kuna jambo moja lilibaki. Ruhaga alinijia ulipopata nafuu, akasema matanga yako yalifunguliwa na hayajaanuliwa. Kilio kilipigwa, majembe yalilazwa, na kesho yake watu walirudi kulima bila kufunga. "Tulilima kwa kuiba," akasema. "Msiba ulio wazi unakaa unangoja mwenyewe." Nikamfukuza. Nikamwambia siwezi kuanua matanga ya mtu anayemaliza ugali wangu. Padre naye alisema ni mambo ya kale. Lakini padre ni mtu wa kuja, hakusikia kilima kikinyamaza. Mwaka hadi mwaka, kila unapokohoa, mimi nasikia lile jembe langu peke yake linarudi kutoka ng'ambo.

Madaktari wa Mwanza wamesema umepona, urudi kliniki tu kuangaliwa. Nawaamini. Wanaijua damu yako kuliko mimi. Mimi ninachokijua ni kingine. Ninajua kwamba chuoni kutakuwa na asubuhi utakayoamka na joto, pengine la malaria tu, pengine la mafua, na kwenye kitanda cha pili atakuwa msichana atakayekuuliza, "Editha, vipi?" Nawe utasema, "Sijambo, ni blanketi." Hicho ndicho ninachokiogopa, si ugonjwa. Huko hakuna Mama Bukuru wa kuingia chumba cha mfu. Atakuwepo msichana mgeni, na hatajua kuna kitu cha kuogopa kama hukumwambia.

Unataka uwe mtu kama watu. Watu ni nani, ee? Mama Bukuru ana mguu mmoja mfupi. Ruhaga alifungwa jela ujanani kwa ng'ombe wa wizi. Mimi ni muongo niliyelia kwenye matanga ya mtu hai. Kila mtu kilimani anajua, na kila mtu anatuamkia. Watu ndio hao.

Sikuombi uitangaze paredini. Mtu mmoja. Yule wa kitanda cha pili, siku ya kwanza, kabla hamjajuana vizuri mkaanza kuoneana haya. Mwambie ulikuwa na saratani ya damu, umepona, na ukiwa na joto asikusikilize wewe, akupeleke. Akikukimbia, mwambie wa kitanda cha tatu.

Basi leo mchana, ulipokuwa unapiga pasi, nilishuka kwa Ruhaga. Macho yake hayaoni tena, alinijua kwa makofi. Nikamwambia nimekuja kuomba matanga ya Editha yaanuliwe kabla hajaondoka. Akatafuna meno yasiyokuwepo. Akasema, "Jembe lako limechelewa sana, Yusta."

"Kuchelewa si kukataa," nikasema.

"Na mwenye msiba atakuwepo?"

"Atakuwepo. Ndiye atakayelima."

Akacheka hadi akakohoa.

Kwa hiyo sikiliza. Kesho alfajiri, kabla sijakuamsha, utasikia makofi nje ya dirisha la migombani. Yatakuwa mengi. Usiogope. Usinifuate chumbani kwangu kunong'ona kama kuku aliyeona mwewe. Ni wao, wamekuja na majembe, wote walioketi uwanjani siku ile na bado wako hai. Tutalima kipande kidogo kando ya kaburi la mama yako, wewe utatupa mbegu za maharage, na Ruhaga atasema neno lake. Kisha utaoga uende stendi.

Na kama kati ya makofi hayo kuna mojawapo ambalo hatutajua ni la nani, hilo nalo liache. Huenda ni la mtu aliyekusalimia siku nyingi akingoja uitikie mwenyewe.

Jembe lako nimeliegemeza mlangoni, lile dogo, nimelinoa. Fungua dirisha lote, Editha, usiliache nusu. Piga makofi kwa nguvu, wasikie mpaka ng'ambo ya mto.

Ni mimi Bibi yako,
Yusta